Baiskeli ya Zahanati Iliyonuka Papa

Bagamoyo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kuuliza hali, nami nitauliza, lakini nikitanguliza salamu nitaingiwa na woga na jambo lenyewe litanibaki tumboni. Kwa hiyo nalitoa kwanza. Baba, niliimba. Niliimba kwa sauti ya juu, njiani, mchana kweupe, nikiwa juu ya baiskeli, na watu walisikia. Sijamwambia mtu yeyote hapa, hata Mama mdogo. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Sasa nauliza: hujambo? Kifua kinakusumbua bado na baridi ya huko Mbinga? Mama anaendeleaje na kwaya yake? Kahawa za nyuma ya nyumba zimeanza kuiva? Sisi huku ni wazima. Joto la Bagamoyo halijanizoea, ila mimi nimeanza kulizoea.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani unaijua. Mama akipokea huweka sauti kubwa ili Bibi asikie, na Bibi akisikia, majirani nao wamesikia. Barua hii nimempa mwalimu mmoja wa hapa, mtu wa kwetu, anayekuja likizo. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe pale kijiweni kwako, katikati ya spana zako, si nyumbani.

Unajua kwamba kazi ya Mama mdogo pale zahanati ya misheni ni kuwafuata kinamama waliojifungua huko vijijini, awaone wao na watoto wao. Nilipofika hapa baada ya mtihani alikuwa akienda kwa ile baiskeli yake kuukuu, na kila akirudi ananyoosha miguu kwenye mkeka na kuzungumza na magoti yake kama watu wawili waliomkosea. Njia za huku si udongo mwekundu kama wetu. Ukiiacha lami ni mchanga, Baba, mchanga unaomeza.

Basi wiki tatu zilizopita lori kutoka Dar lilishusha boksi kubwa, zawadi ya marafiki wa masista. Ndani mlikuwa na baiskeli ya umeme, ya aina ya milimani. Sista Adelina, msimamizi wa zahanati, alisoma maandishi ya kwenye boksi akacheka. "Ya milimani! Hapa mlima wetu mrefu ni ngazi za kanisa."

Halafu akaacha kucheka. Sista ni mtu wa maneno machache na kila neno lake lina uzito. Akamwambia Mama mdogo, "Kolumba, lori litapita tena Ijumaa ya wiki ijayo. Nikiona kitu hiki kimekwenda Mlingotini na kurudi, kinabaki. Nisipoona, kinakwenda parokia ya wenzetu wenye lami, na wewe na magoti yako mtakaa dirisha la dawa."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama mdogo alikuwa akisema peke yake, "Dirishani. Nione mikono tu, watoto nisiwaone." Kulikuwa na mtoto mmoja hasa aliyemnyima usingizi: mtoto wa kiume wa Mwanahawa, mkulima wa mwani wa kijiji hicho cha Mlingotini, aliyezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama mkate wa boflo.

Fundi wa kuiunganisha baiskeli hakuwepo. Walipoanza kuulizana, Mama mdogo akanisukuma mbele. "Huyu hapa. Baba yake ni fundi." Baba, watu wote wa zahanati wakanitazama, hata wagonjwa. Nilitamani kuingia ndani ya boksi nijifunike. Nikaitikia kwa kichwa tu, maana sauti haikutoka.

Nilifanya kama unavyofanya wewe. Nilitandika gunia chini ya mwembe wa zahanati, nikapanga kila kitu kwa mpangilio ule ule niliokitoa nao. Usukani, gurudumu la mbele, siti. Pedeli ya kushoto nikaikaza kinyume, nikakumbuka ulivyonigonga kidole siku nilipoilazimisha. Kulikuwa na kitabu, lakini kwa lugha tatu ambazo zote sizijui, ila picha zake zilikuwa nzuri. Betri inaingia kwenye mwili wa baiskeli kama kisu kwenye ala yake, na mota imejificha katikati, pale miguu inapozungukia. Ukikanyaga, nayo inakanyaga pamoja na wewe. Haikuendeshi, inakusaidia tu, kama mtu anayekusukuma mgongoni kwa adabu.

Matairi niliyajaza upepo mpaka yakalia nilipoyagonga kwa ukucha, kama ulivyonifundisha. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Siku hiyo jioni akaja jirani yetu Mzee Shomari, fundi wa mashua. Alizunguka baiskeli mara mbili mikono nyuma. "Binti, hapa si kwenu milimani," akasema. "Hapa hata hewa ina chumvi. Chuma cha pwani kisichopakwa kinaoza kabla hujakizoea." Akaenda kwake, akarudi na kopo la mafuta ya papa, yale wanayopaka mbao za vyombo ili maji ya bahari yasizile. "Paka kila penye chuma. Usibakize."

Nani angebisha? Chombo chake kimekaa majini tangu mimi sijazaliwa. Nilichukua tambara nikapaka kila penye chuma: cheni, spoku, vichwa vya bolti, na zile sahani za breki. Baba, breki zake si za mpira unaobana rimu kama zetu. Katikati ya kila gurudumu kuna sahani nyembamba ya chuma, na vibao viwili vidogo huibana kwa pande zote. Nilizipaka sahani zile mpaka zikang'aa. Nililala nikiwa na furaha.

Asubuhi nilikuta paka wa mtaa mzima wameizunguka baiskeli. Mmoja alikuwa amelala juu ya siti. Nilipoisukuma kwenda zahanati walinifuata nyuma kama maandamano, na pale kituo cha bodaboda vijana wakaacha kazi.

"Dada, papa wako mbichi au mkavu?"

"Wewe hujui kitu, huyo ni papa wa umeme!"

"Sista kafungua bucha ya samaki!"

Nilitembea nikitazama chini. Unanijua. Masikio yaliwaka moto mpaka getini.

Mama mdogo alikuwa amevaa viatu vya raba na uso wa sherehe. Akapanda, akakanyaga, mota ikamsukuma, akapiga ukelele wa furaha, "Imelda, inaruka!" Halafu akabana breki. Breki zikalia kama mbuzi anayevutwa kamba, na baiskeli haikusimama. Ilipita wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, ikapita kamba ya mashuka, ikaingia na Mama mdogo katikati ya bustani ya mchicha ya Sista. Hakuumia, namshukuru Mungu. Alikaa kwenye matuta, mchicha kichwani, akipangusa miwani.

Sista Adelina alitoka barazani. Alitazama bustani kwanza. "Kolumba, huo ulikuwa mchicha wa mchana." Kisha akanitazama mimi. "Ijumaa," akasema, akarudi ndani.

Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Nililia kwa sababu ya mchicha, na kwa sababu ya dirisha la dawa, na kwa sababu Mama mdogo hakunigombeza hata kidogo. Nilipofuta machozi nikasikia harufu ya papa mikononi, na mikono yenyewe ikateleza usoni. Nikaacha kulia hapo hapo. Kilichonitelezesha mimi ndicho kilichoitelezesha baiskeli.

Nikamwendea Mama mdogo. "Mama mdogo, spiriti mnayo?"

"Ya vidonda?"

"Ndiyo. Na pamba."

Alileta vyote viwili, tukakaa chini ya mwembe tukizisafisha zile sahani kama watu wanaosafisha kidonda, pamba moja hadi nyingine, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Vile vibao vidogo vilikuwa vimekunywa mafuta. Nilivisugua kwa msasa, nikaviweka juu ya kipande cha bati kwenye jiko la mkaa mpaka vikafuka moshi, nikavisugua tena. Harufu iliyotoka siwezi kukueleza. Paka walirudi wote.

Baadaye nikajifunza kwenye picha za kitabu kwamba breki mpya hufundishwa. Unakwenda kasi kidogo, unabana pole pole, unaachia, unarudia. Nilizunguka uwanja wa zahanati hivyo jioni nzima. Mwanzo ziliteleza, halafu zikaanza kushika, halafu zikashika kweli, kwa kiasi kwamba nusura nirushwe mbele. Mzee Shomari alikuja kuangalia. Alipoelewa kilichotokea alijipiga paji la uso.

"Kumbe breki haitaki mafuta! Basi ni kama mkono wa mtu wa tanga. Ukiwa na mafuta, kamba inaondoka."

"Hukunikosea, Mzee," nikasema. "Bolti zinayataka."

"Bolti tu?"

"Bolti tu. Cheni nitaipa ya cherehani."

Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo ananiita Fundi Papa, na mtaa mzima umelipokea jina hilo.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuifanya baiskeli iwe ya Mama mdogo, kwa sababu nilikuwa nimeipima kwa mwili wangu. Mbele ina shokapu ya upepo, ina pampu yake ndogo yenye saa ya kupimia upepo. Kwenye bomba lake kuna kipete cha mpira: mtu akikaa kinapanda, na hapo unajua imezama kiasi gani. Mama mdogo alipokaa, kipete kikapanda mpaka juu kabisa.

"Umenitengenezea mimi au umejitengenezea wewe?" akauliza.

"Nilifikiri..."

"Imelda, mimi si kijiti cha kibiriti. Ongeza upepo."

Niliongeza, akakaa, nikaongeza, akakaa, mpaka ikazama robo tu. Siti nikaipandisha. Alilalamika kwamba miguu haifiki chini yote, kama wanavyolalamika wateja wako, nami nikamjibu jibu lako, kwamba goti linaloumia ni lile linalokunjwa sana. Akajaribu. Alipozunguka mara ya tatu alisema, "Magoti hayajasema kitu." Gia ilikuwa inarukaruka, nikaizungusha ile parafujo ya waya nusu duara, nikasikiliza, nusu duara tena, mpaka cheni ikanyamaza. Nailoni ya siti tu ndiyo sijaitoa. Sista amekataa. Anasema kitu kipya kionekane kipya.

Jumatano tukaipeleka mpaka pale lami inapokwisha na mchanga unapoanza. Baba, ilizama. Mama mdogo aliweka msaada wa mota wa nguvu kabisa, na gurudumu la nyuma likachimba shimo kama kuku. Tukasukuma. Tukajaribu tena, ikazama tena. Mama mdogo akavua viatu, akakaa kando ya njia. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anamwaga mchanga tu. Akainuka akatembea miguu mitupu kuja kwangu, na nikaona nyayo zake zilivyokaa juu juu, pana, wakati zangu mimi niliyevaa viatu vya kisigino kigumu zilikuwa mashimo.

Nisamehe, Baba. Nilitoa upepo. Nilitoa mpaka tairi likabonyea kwa kidole gumba, tairi ambalo ungelitazama pale kijiweni ungesema mwenye nalo ni mvivu. Mama mdogo akaweka msaada mdogo kabisa, akakanyaga taratibu, na tairi likajitandaza mchangani kama unyayo wake. Alipita. Alipita mpaka kwenye minazi, akageuka, akarudi. Yale ya ukucha ni ya kwetu, Baba, ya udongo mgumu na magunia ya kahawa. Huku mambo ni mengine.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama mdogo alitangulia kwa baiskeli mpya na begi lake la kazi, mimi nikamfuata kwa ile kuukuu nikihema. Tulifika Mlingotini salama. Nyumbani kwa Mwanahawa tulimkuta mama mkwe wake ameshafunga nguo kwenye kanga, maana mara ya mwisho mtoto alikuwa hajaongezeka uzito, na Mama mdogo alikuwa amewaambia kwamba safari hii akiwa vile vile itabidi walazwe hospitali mjini. Mwanahawa alimshika mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama alivyofundishwa, akatutazama tu.

Mama mdogo akafungua begi. Akatoa hiki, akatoa kile. Halafu akapekua begi mpaka chini.

"Mizani," akasema. "Mizani nimeiacha mezani."

Furaha ya kupanga begi kwenye baiskeli mpya ndiyo iliyomsahaulisha. Kisha akanigeukia. "Panda, Imelda."

"Mimi?"

"Basi nani, paka?"

Kabla ya siku hiyo sikuwa nimeiendesha nje ya uwanja wa zahanati. Nilipanda, siti ikiwa juu kwangu, shokapu ngumu kwangu, kila kitu kikiwa kimepimwa kwa mtu mwingine. Kwenda mjini nilikwenda na hofu tupu. Niliichukua mizani, nikaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, na Sista alinitazama kutoka barazani bila kuuliza.

Ilikuwa wakati wa kurudi. Nilifika pale lami inapokwisha, mahali tulipozama jana yake, na shimo letu lilikuwa bado lipo. Nikapunguza msaada, nikakanyaga, nikangoja kuzama. Sikuzama. Mchanga ulisema kwa chini, shhh, na baiskeli ikaendelea, na sikuweka mguu chini hata mara moja. Kila kilichokuwa kinasogea chini yangu nilikuwa nimekishika kwa mikono yangu: bolti ile, cheni ile, upepo ule niliouogopa kuutoa. Ndipo mdomo ukafunguka, na safari hii ukatoa sauti.

Niliuimba ule wimbo wa matoleo ambao Mama hutufundisha, sehemu ya sauti ya pili, ile ile ninayopangiwa kila mwaka. Niliimba mpaka beti zikaisha nikaanza upya. Wanawake waliokuwa wakitoka pwani na mafungu ya mwani kichwani walisimama kunitazama, msichana ana mizani mgongoni anaimba nyimbo za kanisa njia nzima. Sikushusha sauti. Mmoja wao akapiga kigelegele, bila kujua ni cha nini, na wenzake wakaitikia.

Nilinyamaza nilipoona mapaa ya Mlingotini.

Mama mdogo alitundika mizani kwenye boriti, mtoto akawekwa kwenye kimfuko chake, akakunja uso kama mzee aliyeamshwa. Mama mdogo alisoma, akatoa miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Ameongezeka," akasema. "Ameongezeka vizuri!"

Mwanahawa alicheka huku machozi yanamtoka. Mama mkwe akasema, "Mashallah, mashallah, msimsifu sana," na mikono yake tayari inafungua lile furushi, anarudisha nguo moja moja mahali pake. Tulipewa madafu, na pweza tukafungiwa wa kwenda naye.

Jioni Mama mdogo aliingia getini mbele yangu, kwa kasi ambayo si ya mtu mwenye magoti mabovu. Alielekea moja kwa moja kwenye bustani. Nilifumba macho. Nikasikia breki zinashika, bila kulia. Nilipofumbua, tairi la mbele lilikuwa limesimama ukingoni mwa tuta, na kilichobaki cha mchicha kimesimama wima.

Sista Adelina alitoka akainamia tuta. "Mchicha umepona," akasema. Kisha akauliza, "Nani ataitunza?"

Watu walikuwa wengi pale barazani. Nikasema, "Mimi, Sista."

"Sijasikia."

"Mimi!"

Paka mmoja alikimbia. Sista akatikisa kichwa kukubali, na sikudhani kama nimeona vizuri, lakini alitabasamu. Ijumaa lori lilikuja. Dereva aliondoka na boksi tupu. Aliomba akaweke vifaranga.

Sasa nina kona yangu kwenye stoo ya zahanati, na msumari wa kutundikia kila spana. Mpaka matokeo ya mtihani yatoke nitakuwa hapo. Vijana wa bodaboda nao wameanza kuleta breki zao niziangalie, na wakiniita Fundi Papa naitika.

Nisalimie Bibi, na mwambie mafuta ya papa sitayaleta nyumbani, asiogope. Msalimie mdogo wangu Deo anayekushikia tochi kijiweni, mwambie asiipindishe. Msalimie Mjomba wa mashine ya kusaga na mama mkubwa wa kule ng'ambo ya mto. Mama mwambie yote: breki, mchanga, mtoto wa Mwanahawa, msumari wa kila spana. Msomee hata habari ya mchicha.

Ila habari ya kuimba usimwambie. Wewe peke yako ulijua siku zote kwamba pale mstari wa tatu wa kwaya nafungua mdomo tu, sauti sitoi. Nakumbuka Jumapili ile tukirudi nyumbani ulivyoninong'oneza, "Leo samaki wameimba vizuri," na hukumwambia mtu. Nitunzie na hili vivyo hivyo. Krismasi nitakuwa nyumbani, mstari wa tatu, mahali pangu. Mama atakuwa ametupa sisi mgongo, anawageukia waumini ili waitikie, mkono juu. Nataka asikie sauti ya pili asiyoijua, na ageuke mwenyewe kutafuta ni ya nani.

Wewe tazama mbele tu, Baba, usicheke.

Mwanao,
Imelda